Starlet GT Turbo: tafuta ile ambayo haijachokonolewa

Hapa bongo ukitaja Starlet kila mtu anakwambia anaijua. Shangazi alikuwa nayo, jirani alipigia teksi bubu, mwalimu wa hesabu alikuwa anakuja nayo shule, na ni kweli Starlet tumekua nazo. Ila hii ninayoizungumzia wengi hawajawahi kuiona kwa macho, na hata ikipita mbele yao hawaitambui mpaka waone lile tundu la hewa juu ya boneti. Ni Starlet GT Turbo, EP82, na mdogo wake Glanza V ambayo ni EP91 (hizo EP ni namba za modeli za Toyota). Mi nimenunua EP82 mwaka huu baada ya kuitafuta kwa muda mrefu sana na tangu nianze kutembea nayo watu wananisimamisha sheli, kwenye foleni, hadi kanisani, umeipataje, bado zipo, niangalie nini nisipigwe. Kwaiyo naandika yote hapa mara moja.

Kwanza historia kidogo maana itasaidia huko mbele. Toyota walianza kuweka turbo, yani kale kapampu kanakosukuma hewa ya ziada kwenye injini, kwenye Starlet mwaka 1986 kwenye EP71, injini ya 2E yenye valvu 12. Mwishoni mwa 1989 ikaja EP82, na hapo ndo wakatengeneza injini mpya kabisa inayoitwa 4E-FTE, cc 1331, valvu 16, kemu mbili juu, turbo ndogo ya CT9 pamoja na intakula, yani kirejeta cha kupoza hewa ya turbo, iliyolala juu ya injini, ndo maana boneti ina tundu. Nguvu farasi 135 kwenye mzunguko wa 6400. Sasa we weka farasi 135 kwenye kagari ambako uzito wake haufiki kilo 900 alafu fikiria kwamba Glanza S, ambayo sura yake ni kama ya Glanza V ila haina turbo, ina farasi 85. Glanza V ikafuata na injini hiyohiyo mpaka 1999 Starlet ilipoacha kutengenezwa, Vitz ikachukua nafasi yake. Baada ya hapo 4E-FTE haikuendelea, wala haikufungwa kwenye gari nyingine ya Toyota, kwaiyo kila injini iliyopo leo duniani ina miaka zaidi ya 25, nyingine zaidi ya 30. Hili liweke kichwani tunaposonga.

Na si sisi tu tunaozitafuta. Uingereza na Ireland wanazipenda mno hizi gari, New Zealand hivohivo, na visiwa vya Karibi kama Trinidad, na kwa vile Marekani wanaruhusu kuingiza gari ikishafika miaka 25 basi huko nako bei ya magari ya Kijapani ya miaka ya 90 imepanda vibaya. Ile dhana kwamba Starlet ni gari ya bei chee haipo tena kwenye GT. GT safi leo unaweza kuinunua kwa hela ya IST iliyonyooka, na muuzaji wala habembelezi.

Sasa neno langu kubwa ambalo nataka ulibebe hata ukiacha mengine yote: nunua ile ambayo haijachokonolewa. Usinunue yenye kelele, usinunue yenye turbo kubwa, usinunue ambayo mtu anakwambia "hii imefanyiwa kazi kaka". Tafuta iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, hata kama imepauka rangi, hata kama siti zimechanika. Nitaeleza kwanini.

4E-FTE ni injini ngumu. Bloku ni ya chuma, nayo ikipewa oili safi na maji ya rejeta ya maana inatembea miaka na miaka. Lakini ina sehemu moja dhaifu ambayo kila fundi aliyewahi kuifungua anaijua, nayo ni pistoni. Pale katikati ya ringi moja na nyingine kuna kiukuta chembamba cha aluminiamu kinachoishikilia ringi isicheze. Injini ikianza kunoki, yani mchanganyiko wa hewa na petroli unalipuka wenyewe kabla ya wakati wake, kile kiukuta kinapigwa na mlipuko mpaka kinakatika. Kikishakatika kompresheni, yani mgandamizo, ya silinda hiyo inashuka, gesi inapita chini kwenye oili, gari inakuwa na moshi, na kinachofuata ni kufungua injini yote. Na kinachosababisha kunoki mara nyingi ni mtu kupandisha presha ya turbo. Kiwandani wameiweka karibu bar 0.65, tena wakaweka na kitufe kwenye dashi cha kushusha presha kama barabara imelowa. Sasa anakuja kijana na kavalvu ka kupandisha presha, anafunga, gari inakuwa kali kweli, anaenjoi miezi kadhaa, alafu anakuuzia wewe.

Na kwetu kuna la ziada, petroli. Wajapani wana pampu ya pekee ya petroli ya oktani ya juu, inayokaribia 100, na gari hii ilitengenezwa ikiwa na petroli ya namna hiyo akilini. Petroli ya kawaida ya sheli zetu iko chini ya hapo, na oktani ikiwa chini injini inawahi kunoki. Ongeza joto la Dar, foleni ya Ubungo saa nane mchana, intakula imekaa juu ya injini inayochemka, hewa inaingia ya moto. Kwenye presha ya kiwandani injini inavumilia haya yote vizuri tu, mi nimeona. Kwenye presha iliyopandishwa unacheza kamari kila ukikanyaga.

Niliangalia kadhaa kabla ya hii. Kuna Glanza moja ilikuwa nzuri kwa macho, rimu kubwa, rangi mpya inang'aa, mwenyewe akaja akaifungua boneti kwa mbwembwe, akasema "kaka hii inapiga bar moja na ushee, hakuna Subaru inayokuacha." Fundi wangu ni mtu mzima, hana maneno mengi, akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, moshi ukawa unatoka pale puf puf puf kama mtu anavuta sigara, akakifunga taratibu, akanigeukia, "Mdogo wangu, twende zetu." Hatukusema bei wala nini. Ule moshi kwenye mdomo wa oili ndo gesi iliyopita kwenye pistoni, na we huhitaji mashine yoyote kuuona.

Kwaiyo ukienda kuangalia, mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Ukifika gusa injini, ikiwa ya moto jua kuna kitu hakutaka ukione asubuhi. Gari ya baridi inasema ukweli. Iwashe mwenyewe huku mwenzako kasimama nyuma kwenye egzosi. Moshi wa bluu ukitoka mwanzoni alafu ukapotea inaweza kuwa sili za valvu, hilo linarekebishika kwa hela ya wastani. Moshi wa bluu unaoongezeka ukikanyaga ni pistoni au turbo, na kujua ni ipi toa lile bomba linaloingia kwenye intakula uangalie ndani, kama kuna oili imejaa turbo inavujisha. Shika ka shafti ka turbo kwa vidole, injini ikiwa imezimwa na imepoa jamani, kakicheza pembeni mpaka yale mapanga yaguse ukuta basi turbo imekwisha. CT9 kuipata nzima hapa mjini ni kazi, na nyingi zinazouzwa kama used ya Japani zimechoka kuliko uliyonayo. Kuagiza moyo wa turbo mpya kutoka nje na kumpa mtu anayejua kufunga ndo njia ninayoiamini.

Alafu kipimo cha kompresheni. Hapa usikubali hadithi. Fundi yeyote wa maana ana ile geji, plagi nne zinatolewa, dakika chache mmemaliza. Namba yenyewe si kitu kikubwa sana kama zile nne kulingana. Tatu zikiwa sawa na moja imeanguka, hiyo moja ndo kale kaukuta kamekatika. Muuzaji akikataa kupima, we shukuru, umeokoa hela.

Rejeta pia. Fungua kifuniko ikiwa baridi, kidole ndani. Kama maji yana rangi ya kutu au yana utelezi wa oili, hapo kuna maswali. Na kuna hii tabia ya mafundi wetu ambayo inaniuma sana, gari ikichemka kidogo wanatoa themostati wanaitupa, wanasema huku kwetu kuna joto haihitajiki. Inahitajika! Injini hii ina kompyuta inayosoma joto la maji, maji yasipofika joto lake kompyuta inadhani injini bado ya baridi, inaendelea kumwaga petroli nyingi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, pistoni inasaga. Gari inakula mafuta na inakufa polepole na mwenye gari anasifia kwamba geji haipandi. Kama mshale wa joto unakaa chini kabisa hata baada ya kutembea nusu saa, muulize themostati iko wapi.

Suala lingine ni feki, na hili ni kubwa kuliko watu wanavyofikiria. Starlet za kawaida zipo nyingi, boneti yenye tundu inauzwa, bampa la GT linauzwa, stika zinauzwa. Kwaiyo mtu anavalisha EP82 ya kawaida nguo za GT. Angalia kibati cha Toyota ndani ya boneti, gari ya Japani inaandikwa pale aina ya injini, inatakiwa isomeke 4E-FTE. Ikisomeka 4E-FE bila T basi gari ilizaliwa bila turbo na injini imeingizwa baadae. Haimaanishi uikatae moja kwa moja, kuna watu wamefanya kazi safi, ila bei yake isiwe bei ya GT na lazima ujue ni nani aliyefunga.

Kuna na hii ya Raum. Raum za mwanzo zimejaa mjini, na injini yake ya 5E-FE ni ndugu wa damu wa 4E, cc 1500 badala ya 1300, na vitu vingi vinaingiliana. Kwaiyo 4E-FTE ikifa, fundi anachukua 5E ya Raum, anaifunga hedi na turbo ya Starlet juu yake, gari inatembea, tena ina mvuto wa chini mzuri kuliko mwanzo. Nje nako wanafanya hivi, lakini wale wanaofanya vizuri wanabadili pistoni na kuirekebisha kompyuta, maana 5E ya Raum ilitengenezwa bila turbo, mgandamizo wake ni wa juu, ukiisukumia hewa ya turbo bila kurekebisha chochote itanoki tu, ni suala la muda. Angalia namba iliyogongwa kwenye bloku inaanza na 4E au 5E, alafu linganisha na kadi ya gari. Kadi ikisema cc 1330 na bloku ikasema 5E, hapo una tatizo la kiufundi na tatizo la TRA kwa pamoja.

Uzuri wa undugu huu ni kwamba vitu vingi vya sevisi havisumbui. Filta, mikanda, mauntini, waterpampu, vingi unavipata Gerezani au Ilala kwa sababu Starlet za kawaida, Corolla 110 na Raum bado zinatembea. Vinavyosumbua ni vile vya turbo peke yake, manifodi ya egzosi ambayo inapasuka ufa, mipira ya intakula, na ile mipira myembamba ya vakyumu ambayo kwa miaka 30 imekauka kama kuni. Mipira ya vakyumu badilisha yote siku ya kwanza, usibishane.

Ukishaijaribu barabarani, subiri injini ipate joto kabisa ndo uikanyage. Gia ya tatu, mzunguko kama 2500, kanyaga mpaka mwisho. Turbo ni ndogo kwaiyo inawahi kuamka, utasikia inakubeba pale karibu 3000 na inaendelea bila kusita mpaka 6000 na zaidi. Ikifika katikati ikakata ghafla kama mtu amezima switchi alafu ikarudi, ile ni kompyuta inakata petroli kwa sababu presha imezidi, maana yake kuna mtu amechokonoa. Ikiwa nzito na inatoa mlio wa hewa, mpira umechanika mahali. Rudisha gia kutoka tatu kwenda mbili haraka kidogo, ikikwaruza jua gia boksi ina kazi inakuja. Na stelingi itavuta kidogo upande ukikanyaga kwa nguvu, hiyo ni kawaida ya gari ya kuvuta mbele yenye nguvu namna hii, usiogope, ila ikivuta hata ukiwa hujakanyaga basi bushi na alaimenti.

Mwisho wa jaribio angalia muuzaji anavyozima gari. Mi hili naliangalia kuliko karibu vyote. Turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na inapozwa na oili na maji yanayozunguka, ukitoka kuikimbiza alafu ukazima palepale oili inasimama ndani ya chuma cha moto mwekundu, inaungua inakuwa mkaa, na ule mkaa ndo unaomaliza turbo. Mtu anayeipenda gari yake anaiacha inaunguruma dakika moja mbili ndo anazima. Huyu niliyenunua kwake, mzee mmoja mstaafu, alisimama pembeni ya gari akanisimulia habari za wajukuu zake huku gari inaunguruma, alafu akaingiza mkono dirishani akazima, bila hata kufikiria. Nikajua hapa ndo penyewe.

Bodi sitakaa nayo sana. Kutu inakaa kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, kwenye vizingiti chini ya milango, kwenye ukingo wa mlango wa nyuma na pale juu shokapu za mbele zinapofungwa. Pita na kasumaku, ukafunge kwenye kitambaa kasije kakakwaruza, kasiposhika hapo kuna puti. Gari iliyokaa Tanga au Zanzibar ikaguliwe mara mbili kwa chumvi ya bahari. Na kama unaagiza Japani usinunue kwa picha, omba karatasi ya mnada, daraja la R au RA maana yake iliwahi kugongwa ikatengenezwa, na zile zilizotoka mikoa ya theluji zimekula chumvi ya barabarani miaka yote hiyo.

Kuhusu kuagiza, sisi tunaruhusiwa kuleta gari ya umri wowote ila ushuru wa uchakavu kwa gari kukuu ni mkubwa, ingia kwenye kikokotoo cha TRA kwanza kabla hujatuma hata senti. Wenzetu Kenya hawaruhusu kuingiza iliyozidi miaka 8, na kwa kuwa ya mwisho ilitoka 1999 basi Glanza za Nairobi ni zile zilizoingia zamani, hakuna nyingine inayokuja, ndo maana wanazishikilia. Mi nilichagua ya hapahapa, namba A, kwa sababu niliweza kuigusa, kumpelekea fundi na kuongea na aliyekaa nayo miaka yote.

Makaratasi usiyalegeze. Linganisha namba ya chesisi kwenye gari na kwenye kadi, namba ya injini hivohivo, hakiki kadi TRA, angalia deni la trafiki na la maegesho kwa namba ya gari, mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili, na ubadili umiliki mapema. Bima kubwa makampuni mengi yanasita kwa gari ya umri huu, kwaiyo wengi wetu tuna bima ndogo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuendesha kwa akili.

Nimeshaipeleka Iringa na kurudi. Pale Kitonga malori yamejipanga yanapanda kwa kuhema, ukipata nafasi salama gia ya tatu inatosha kabisa, turbo inaingia, umeshapita, tena ule mlima ndo unaokuonyesha kwanini Wajapani waliweka turbo kwenye gari ndogo. Vijijini ni 50 na trafiki wa tochi wapo, na mi hilo silichukii hata kidogo, raha ya hii gari haihitaji spidi kubwa, iko kwenye kile kipande cha kutoka 40 kwenda 90 ukiwa umeshika stelingi nyepesi na gari inafuata mkono wako popote.

Nilichobadilisha mpaka sasa ni taimingi belti na waterpampu, mipira yote ya vakyumu, themostati mpya ya orijino, oili na filta, maji ya rejeta ya rangi badala ya ya bomba, na bushi za mbele. Presha ya turbo iko palepale kiwandani ilipoachwa na itabaki hapo. Kinachonisumbua sasa ni mpira mmoja wa intakula upande wa turbo ambao umeanza kuchanika, na ufa mdogo kwenye manifodi ambao fundi amesema unaweza kusubiri lakini si sana. Mwenye manifodi nzima ya 4E-FTE, isiyowahi kuchomelewa, aje tuongee bei.